Nakala ya Kwanza

Kwa miaka 13 kazi yangu ilikuwa mkasi. Kila asubuhi nilikuta mezani nakala sita za gazeti letu na mbilimbili za washindani wetu, na kabla ya saa nne nilitakiwa niwe nimeikata kila habari inayofaa kutunzwa, nimeigonga muhuri wa tarehe, nimeikunja na kuitia ndani ya bahasha ya mhusika wake. Habari moja iliweza kudai bahasha nne: ya waziri, ya wizara, ya daraja lililobomoka na ya mkandarasi aliyelijenga. Ndiyo sababu nakala moja haikutosha. Nilianza mwaka 1986. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa na makabati ya chuma kuanzia sakafuni hadi darini, na droo za kadi za faharasa zilizoshikwashikwa mpaka pembe zake zikawa laini kama kitambaa.

Waandishi walitushukia jioni, ukurasa wa kwanza ukiwasubiri. "Nipe chochote ulicho nacho kuhusu fulani," angesema mmoja, jicho kwenye saa. Nikimpa bahasha nilimpa na maneno: hii ya mwezi wa tatu usiitegemee, aliyeiandika hakufika mahali penyewe, hii ya Mei ndiyo yenye hesabu sahihi, na uangalie, kuna watu wawili wenye jina hili, wa benki na wa bandarini. Hayo hayakuwa yameandikwa popote. Nilidhani nalipwa kwa kukata na kupanga. Kumbe sehemu kubwa ya thamani yangu ilikuwa katika yale maneno ya kusindikizia.

Chumba kilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Gazeti likikosea na kusahihisha, hata kama masahihisho ni mistari mitatu chini ya ukurasa wa 14, kile kijikaratasi kilikatwa na kubanwa kwa pini juu ya kichwa cha habari ya awali, ndani ya bahasha ileile. Hukuweza kusoma kosa kabla ya kuyainua masahihisho kwa kidole. Mkuu wetu wa chumba, mzee aliyejifunza kazi enzi za taipureta, alikuwa na tabia ya kupita kabatini akichomoa bahasha moja moja kukagua pini. "Kosa lisilale peke yake," ndiyo kauli yake. Nilikuwa na miaka 22, na niliona anapoteza muda wake na wetu.

Mwaka 1991 nilikata habari ya wizi katika ghala moja. Ilimtaja karani wa ghala kwa jina lake kamili na kusema anatafutwa. Siku nne baadaye tukachapa masahihisho: anayetafutwa ni mtu mwingine mwenye jina kama hilo, karani huyu hahusiki, gazeti linaomba radhi. Mistari mitano. Nilizikata zote mbili kwa mkono wangu, nikazibana kwa pini, bahasha ikarudi kabatini.

Sitaki mtu adhani naililia enzi ile. Chumba chetu kilikuwa cha wenyewe. Namkumbuka baba mmoja aliyekuja mapokezi kutafuta habari ya ajali iliyomuua mwanawe, ili aambatanishe na madai yake ya bima. Tarehe alikuwa nayo. Kipande chenyewe kilikuwa hatua ishirini kutoka alipoketi. Lakini kumbukumbu zilikuwa za waandishi wa gazeti tu, na mimi sikuwa na ubavu wa kuamua vinginevyo. Alikuja siku tatu mfululizo akiwa na bahasha tupu mkononi. Siku ya nne hakuja. Mlango uliomzuia baba yule leo haupo, na sioni sababu ya kuutaka urudi. Mtaalamu wa kompyuta Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wake wa kurasa zilizounganishwa, ndio wavuti tunaoutumia leo, mwaka 1989 akiwa kituo cha utafiti cha CERN, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba yeyote anaweza kuutumia bila kulipa chochote. Mwaka 2024 shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikadiria kuwa watu bilioni 5.5 wako kwenye intaneti, na bilioni 2.6 bado wako nje. Mtu akiniambia teknolojia ya habari imeleta hasara tupu, namfikiria baba yule na bahasha yake.

Uamuzi wa kuskani kumbukumbu zetu ulifika mwaka 1999. Waliletwa vijana wanne na mashine mbili, wakawekwa katika chumba chetu, na mimi nikapewa kazi ya kuwasimamia. Siku ya pili tu mmoja wao akaniita. "Mama, pini zinakwaruza kioo." Alinionyesha: mchirizi mwembamba juu ya kioo cha mashine, na kila ukurasa uliopita baada yake ulikuwa umebeba mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Kioo kilikuwa ghali. Nilitazama yale makabati, nikapiga hesabu ya bahasha, nikasema, "Zitoeni."

Neno moja. Nilisema hivyo kwa nia njema kabisa, nikiamini kwamba kompyuta, kwa kuwa inatafuta kila kitu, itajua yenyewe kipi kinakwenda na kipi. Habari ya awali iliskaniwa ikapewa namba yake na tarehe yake. Masahihisho yakaskaniwa yakapewa namba yake na tarehe yake. Mwisho wa kazi, miezi 14 baadaye, nilikuwa na kopo la maziwa lililojaa pini, na hifadhi ya kidijitali ambayo wakubwa waliipigia makofi. Nami nilipiga makofi.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Claude Shannon, yule wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, ambaye mwaka 1948 aliipatia habari kipimo. Alionyesha kwamba ujumbe wowote unaweza kupimwa kwa biti, yaani kwa idadi ya ndiyo na hapana zinazotosha kuubainisha kati ya jumbe zote zilizowezekana. Na mapema kabisa katika andiko lake alisema kuwa maana ya ujumbe haihusiki na tatizo la kihandisi. Kwa kazi yake alikuwa sahihi: waya hauna haja ya kujua kama sentensi ni ya kweli ndipo uifikishe. Simu, diski, kebo zilizolazwa chini ya bahari, vyote vimesimama juu ya msingi huo, na kama angengojea kwanza tukubaliane juu ya ukweli, hadi leo tusingekuwa na chochote. Lakini niliposoma pale niliweka kitabu chini. Nilielewa nilichokifanya. Mbele ya mashine, wizi wa ghala ulikuwa na biti zake na masahihisho yalikuwa na zake, basi. Habari ya wizi ilikuwa ndefu zaidi, ina jina la mtu mara sita, ina kichwa kikubwa. Kilichozifanya ziwe kitu kimoja ilikuwa pini.

Upande wa fedha nao ulianza kutushika kwa namna ambayo wengi wetu hatukuielewa wakati ule. Gharama ya habari, karibu yote, iko katika nakala ya kwanza. Mwandishi anasafiri, anangoja nje ya ofisi ya mtu asiyetaka kumwona, anarudi mikono mitupu, anakwenda tena, mhariri anamrudishia kazi mara mbili, mwanasheria anaisoma. Hiyo ndiyo nakala ya kwanza. Ya pili ni wino, karatasi na lori. Katika ulimwengu wa kidijitali ya pili ni bure, na ya milioni nayo ni bure. Kitu kinachonakiliwa bure hakiwezi kushikilia bei kwa muda mrefu, hata kama aliyekitengeneza kwanza alitumia mwezi mzima. Mchumi Kenneth Arrow alikwishaona mwaka 1962 jambo jingine linalozidisha ugumu huu: mnunuzi wa habari hawezi kujua thamani yake mpaka aijue, na akishaijua amekwisha kuipata bila kulipa. Ndivyo wasomaji wengi walivyo siku hizi mbele ya kichwa cha habari. Wameshaipata.

Kwa miaka mingi aliyeibeba nakala ya kwanza hakuwa msomaji. Walikuwa watangazaji, na hasa yale matangazo madogo madogo ya kurasa za nyuma: nyumba za kupanga, magari yaliyotumika, nafasi za kazi. Mtu aliyetangaza gari lake hakuwa na nia yoyote ya kulipia uchunguzi wa daraja lililobomoka, lakini ndiye aliyeulipia. Matangazo yale yalipohamia kwenye tovuti, yalihama na nauli ya mwandishi wetu. Marekani, ambako hesabu hizi zimefuatiliwa kwa karibu, mapato ya matangazo ya magazeti yalikuwa kama dola bilioni 49 mwaka 2005. Kufikia 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, fedha za wasomaji zilizidi za watangazaji. Fedha haikupotea duniani. Ilikwenda kwa wanaopanga na kuonyesha nakala za wengine.

Chumba chetu kilifungwa mwaka 2006. Hoja ilikuwa kwamba kila kitu kimeshaskaniwa, na hoja hiyo ilitokana na kazi ya mikono yangu mwenyewe. Vipande halisi vilitiwa kwenye makasha na kupelekwa ghalani.

Nilikuwa na miaka 42 na ujuzi usiokuwa na jina. Baada ya kuhangaika hapa na pale nikapata kazi ya vipande mtandaoni: unaletewa picha au sentensi, unaiwekea lebo, unalipwa kwa kila moja. Je, katika picha hii kuna baiskeli? Je, sentensi hii ni ya malalamiko au ya sifa? Mwanzoni niliifurahia, kwani kupanga vitu chini ya jina lake ndiyo kazi niliyoijua. Nililipwa kwa kila lebo niliyoiweka, na sikuulizwa kamwe kwa nini nimeiweka. Nikikuta picha yenye utata hapakuwa na mahali pa kuandika "angalia, hii si kama inavyoonekana." Yale maneno ya kusindikizia, ambayo zamani yalikuwa ndiyo thamani yangu, hayakuwa na kisanduku cha kujazwa. Ukichelewa kidogo ukifikiri, umejipunguzia malipo.

Watu wakisikia kwamba mashine imejifunza kutambua paka na magari, wengi hudhani imejifunza yenyewe. Hazina ya picha iitwayo ImageNet, iliyotangazwa mwaka 2009 na kufungua njia kwa mashine nyingi za leo, ilikusanya picha zaidi ya milioni 14, na wafanyakazi karibu 50,000 kutoka nchi 167 ndio waliozipanga, kipande kwa kipande. Sikuwa miongoni mwao, nilifanyia wengine, lakini nawajua. Najua mgongo unavyouma saa ya sita, na najua unavyoanza kuona baiskeli ukifumba macho. Uchumi huu mpya unasemwa kana kwamba unaelea hewani. Mimi niliouona una mikono mingi mno, isipokuwa imetawanywa hivi kwamba hakuna mkono unaouona mwingine, na hakuna jioni ambapo wenye mikono hukaa pamoja wakaulizana wamelipwa ngapi.

Karani wa ghala alinipigia simu mwaka 2013. Namba yangu alipewa na mpokea simu wa zamani wa gazeti. Alijitambulisha, nikalijua jina kabla hajamaliza, na mwili ukaniisha nguvu. Alisema kwa adabu sana, "Samahani kwa kukusumbua, dada. Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unatunza." Alikuwa ameomba kazi mahali patatu, na mahali pa tatu mtu mmoja alimhurumia akamgeuzia skrini aone wanachokiona waajiri wakiandika jina lake. Habari ya mwaka 1991, juu kabisa. Aliniuliza: si gazeti liliomba radhi? Yeye mwenyewe aliikata ile radhi akaitunza. Ilikwenda na maji nyumba yake ilipofurika. Kwa miaka minane bahasha yangu ilimlinda bila yeye kujua, kisha nikatoa pini.

Nilimwambia ukweli wote. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi angalau yupo anayejua."

Niliandikia gazeti. Jibu lilikuwa fupi: kumbukumbu hazibadilishwi. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi ambao niliusoma mara tatu. Raia mmoja wa Hispania alikuwa na deni la hifadhi ya jamii; mwaka 1998 gazeti La Vanguardia lilichapa tangazo la mnada wa mali yake; deni likamalizika, lakini kurasa za gazeti zilipowekwa mtandaoni tangazo likawa linatokea kila anapotafutwa kwa jina kwenye Google. Mahakama ikasema mwenye mtambo wa utafutaji anaweza kutakiwa kuondoa kiungo cha namna hiyo katika matokeo ya jina la mtu, iwapo taarifa haitoshi, haihusiki tena au imepitwa na wakati. Ukurasa wenyewe wa gazeti ukabaki mahali pake.

Wengi waliushangilia, wengine wakaona ni kuficha historia. Mimi ulinigusa na haukuniridhisha, na sababu yake ni ya fundi. Kufuta kiungo ni kuificha bahasha. Kuna siku ile bahasha itahitajika: gazeti lililokosea linapaswa lijulikane kwamba lilikosea. Sikutaka habari ya wizi ipotee. Nilitaka asiweze mtu kuifikia bila kwanza kuyainua masahihisho kwa kidole. Hilo kwa teknolojia tuliyo nayo ni kazi nyepesi, mistari michache ya programu. Kinachokosekana ni mtu anayelipwa kujua kipi kinakwenda na kipi. Mwaka 1971 mchumi Herbert Simon alieleza kwamba habari hula kitu kimoja, nacho ni uzingativu, yaani umakini, wa wanaozipokea, na kwa hiyo wingi wa habari huleta uhaba wa uzingativu. Kosa lina kichwa kikubwa, na masahihisho yana mistari mitano. Katika soko ambalo uzingativu ndio sarafu, masahihisho huingia hayana kitu mfukoni.

Nilijaribu pia, hivi karibuni, kuiuliza programu moja ya kujibu maswali kuhusu wizi ule wa ghala. Sikuitajia jina. Ilinijibu kwa lugha safi kuliko ya mwandishi wetu wa wakati ule, aya mbili, pamoja na jina la karani. Hakukuwa na bahasha, hakukuwa na tarehe, hakukuwa na mahali pa kuchomeka pini. Niliifunga kompyuta nikaenda kukaa nje.

Gazeti lilipata mhariri mpya mwaka 2019, binti aliyezaliwa baada ya ile habari kuchapwa. Alinisikiliza kwa saa nzima, akauliza makasha yako wapi. Siku mbili kwa wiki sasa tunakutana ghalani, mimi na kijana mmoja wa kompyuta, tunarudisha kila masahihisho kwenye kosa lake. Kazi ni ngumu pale ambapo masahihisho hayakutaja kichwa cha habari ya awali, na mengi hayakutaja. Kijana ndiye aliyegundua njia. Aliinua kijikaratasi kwenye mwanga, akaona matundu mawili madogo mahali pini ilipopita. Akachukua habari aliyoishuku, nayo akaiinua. Matundu mawili. Akazilaza moja juu ya nyingine kwenye dirisha, mwanga ukapenya kote kwa pamoja.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Karatasi zinazotiliwa shaka tunazipeleka dirishani, tunalinganisha matundu, kijana anaandika namba zote mbili, na jioni anaziunganisha kwenye hifadhi, ili anayefungua kosa akutane na masahihisho kwanza. Wizi wa ghala ulikuwa wa kwanza kuunganishwa, hata kabla ya kuanza kufuata mwaka kwa mwaka, niliomba hivyo. Nilimpigia karani, ambaye sasa amestaafu, nikamsomea mistari mitano kama inavyoonekana kwenye skrini.

"Na zile tovuti nyingine zilizonakili?" akauliza.

Nikamwambia hizo hatuna mkono nazo.

Akanyamaza kidogo. "Nisomee tena," akasema.

Nikamsomea tena. Tumemaliza kasha la 1993. La 1994 lina unyevu, tumelifungua likauke.